DONDOO NA MUKTADHA WAKE: HISTORIA YA UCHAMBUZI WA FASIHI YA KIINGEREZA KATIKA MASOMO YA JUU, KUTOKA LONDON HADI NAIROBI

Utangulizi

Mwanafunzi anayepewa dondoo kutoka katika tamthilia ya Shakespeare na kuulizwa ni nani anayesema, anamwambia nani na katika hali gani, aghalabu hudhani kwamba swali hilo ni kongwe sawa na fasihi yenyewe. Sivyo. Utaratibu wa kuchambua tamthilia, riwaya na ushairi wa Kiingereza darasani kwa ajili ya kutahiniwa una umri wa takriban miaka mia mbili tu, na ile sehemu yake inayosifiwa zaidi, yaani usomaji wa makini wa matini, ilizaliwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Shakespeare aliyefariki mwaka 1616 hakuandikiwa mtahini. Watazamaji wake walilipa senti yao, wakasimama uwanjani, wakacheka ama wakalia, wakarudi makwao bila kuulizwa dhamira.

Makala haya yanakusudia kufuatilia namna utaratibu huo ulivyoundwa huko Uingereza na jinsi ulivyofika Afrika Mashariki. Sababu ya kuufuatilia ni kwamba mjadala wetu kuhusu fasihi ya Kiingereza, tangu ule waraka mashuhuri wa Nairobi wa mwaka 1968, umekuwa zaidi juu ya orodha ya vitabu: ni vipi viingie, ni vipi vitoke. Njia yenyewe ya kusoma haikuulizwa maswali mengi. Orodha ilibadilika, njia ikabaki. Na njia ndiyo iliyoingia hadi katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili, mahali ambapo wengi hawakutarajia kuikuta.

London, Calcutta na Oxford

Hadi karne ya kumi na tisa ilipoingia, vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikuwa na somo la fasihi ya Kiingereza. Kijana aliyekwenda huko alichambua Homer na Virgil, kwa Kigiriki na Kilatini. Maandishi ya lugha yake mwenyewe aliyasoma nyumbani kwa kujifurahisha, na hakuna aliyeona haja ya kumpa shahada kwa kufanya hivyo. Waskoti walitangulia kidogo, kwani mwaka 1762 Hugh Blair alipewa uprofesa wa balagha na fasihi mjini Edinburgh. Lakini lengo lake kubwa lilikuwa kuwafunza vijana ufasaha na usemi wa kiungwana. Mwaka 1828 Chuo Kikuu cha London, kilichoanzishwa kwa ajili ya wale ambao milango ya Oxford na Cambridge haikuwafungukia, kilimteua Thomas Dale kuwa profesa wa lugha na fasihi ya Kiingereza. Dale alikuwa kasisi, na jambo hilo si la kupuuzwa. Tangu mwanzo somo hili lilibebeshwa mzigo wa maadili.

Mzigo huo ulionekana waziwazi zaidi nchini India. Mwaka 1835 Thomas Macaulay aliandika waraka wake kuhusu elimu, na gavana mkuu Bentinck akaidhinisha fedha za serikali zitumike kufundishia elimu ya Kiingereza. Mtafiti Gauri Viswanathan, katika kitabu chake cha mwaka 1989, ameonyesha kwamba fasihi ya Kiingereza ilipata nafasi kama somo la shule nchini India kabla haijapata nafasi thabiti huko Uingereza. Hoja yake ni nzito. Utawala wa Kiingereza ulijifunga kutoingilia dini za wenyeji, kwa hiyo Biblia haikuweza kufundishwa wazi katika shule za serikali. Washairi wakachukua kazi ya kasisi. Kuanzia mwaka 1855, nafasi za utumishi wa serikali ya India zilipoanza kugombewa kwa mtihani, fasihi ya Kiingereza ilikuwa mojawapo ya masomo yaliyotahiniwa. Palipo na mtihani hapakosi mtu wa kuuza majibu, na vitabu vya kukaririsha tarehe za washairi na muhtasari wa kazi zao havikukawia kupata soko. Anayelalamika leo kuhusu biashara ya miongozo ya vitabu teule anapaswa kujua kuwa biashara hiyo ni pacha wa somo lenyewe.

Mjini Oxford upinzani ulikuwa mkali. Mwaka 1885 chuo kilipata uprofesa mpya wa lugha na fasihi ya Kiingereza, lakini aliyeteuliwa, A. S. Napier, alikuwa mtaalamu wa historia ya lugha. John Churton Collins alifanya kampeni ndefu akidai fasihi ifundishwe kama fasihi. Miaka miwili baadaye pendekezo la kuanzisha shahada lilipowasilishwa, mwanahistoria E. A. Freeman alilipinga kwa kejeli. Hofu yake, ukiiondoa kejeli, ilikuwa hii: maarifa hutahiniwa, ladha haitahiniki. Mtahini anaweza kumwuliza mwanafunzi minyambuliko ya vitenzi vya Kiingereza cha kale na akajua jibu sahihi ni lipi. Atamwulizaje kama shairi ni zuri? Shahada ya Kiingereza ilipoanzishwa hatimaye mwaka 1894, ilisheheni isimu ya kihistoria kwa sababu hiyo hiyo. Inafaa swali la Freeman likumbukwe, maana kila hatua iliyofuata katika historia hii ni jaribio la kulijibu.

Karatasi zisizo na majina

Jibu la maana zaidi lilitoka Cambridge. Uprofesa wa fasihi ya Kiingereza ulianza huko mwaka 1911, na kuanzia mwaka 1912 ukashikwa na Arthur Quiller-Couch, mwandishi mchangamfu aliyewavutia vijana kwa mihadhara yake. Mwaka 1917, vita vikiwa bado vinapiganwa na madarasa yakiwa matupu, chuo kilipitisha mtaala mpya uliomruhusu mwanafunzi kusoma fasihi bila kulazimika kupitia Kiingereza cha kale. Miaka minne baadaye, kamati ya serikali iliyoongozwa na mshairi Henry Newbolt ilitoa ripoti ikidai kwamba fasihi ya taifa iwe kiini cha elimu ya kila mtoto wa Kiingereza, kwa matumaini kuwa ingeziunganisha tabaka zilizokuwa zikifarakana. Yale yaliyokwisha kujaribiwa kwa raia wa India sasa yakapendekezwa kwa mtoto wa mfanyakazi wa London.

I. A. Richards alikuwa mhadhiri kijana katika mtaala huo mpya. Alisomea falsafa, akavutiwa na saikolojia, na hakuridhishwa na mihadhara iliyojaa sifa kwa washairi. Katika miaka ya 1920 aliwagawia wanafunzi wake karatasi zenye mashairi yaliyoondolewa jina la mtunzi na tarehe. Akawapa muda wa wiki nzima, wasome mara nyingi wanavyotaka, kisha waandike maoni yao bila kutia majina. Mashairi kumi na matatu kati ya hayo, pamoja na maoni ya wanafunzi, yalichapishwa mwaka 1929 katika kitabu Practical Criticism. Miongoni mwa watunzi walikuwamo John Donne, Gerard Manley Hopkins, Christina Rossetti, D. H. Lawrence na Longfellow, wakichanganywa na watunzi ambao leo hawakumbukwi.

Matokeo yaliwafadhaisha wasomi. Vijana waliosoma katika shule bora za nchi yao, wengi wao wakichukua shahada ya Kiingereza, walishindwa hata kuipata maana ya wazi ya sentensi za shairi. Wapo waliomdunisha Donne wakawasifu watunzi hafifu. Richards hakuwacheka, aliyachukulia makosa yao kama daktari anavyochukulia dalili za maradhi, akayapanga katika makundi kumi. Baadhi walikwama katika maana ya kawaida. Baadhi walitekwa na kumbukumbu zao binafsi ambazo hazikuhusiana na shairi. Baadhi walitoa mwitikio wa mazoea, ule ambao mtu huwa nao tayari kabla hajasoma, kiasi kwamba wakiona neno kaburi wanahuzunika hata kama shairi linafanya mzaha. Wengine walilipima shairi kwa imani zao za dini, au kwa kanuni za urari walizokaririshwa. Kadhalika alitenganisha aina nne za maana ambazo msomaji hana budi kuzishughulikia kwa pamoja: kinachosemwa, hisia ya msemaji kuhusu anachokisema, toni yake kwa anayemsikiliza, na nia yake.

Hapa ndipo swali la Freeman lilipopata jibu. Ladha haitahiniki, lakini usomaji unatahinika. Mtahini anaweza kuchapisha shairi ambalo mtahiniwa hajawahi kuliona, akamwomba alichambue, na akaona kwa macho yake kama kijana huyu anasoma kwa kweli au anarudia aliyoyasikia. Haki yake ilikuwa kubwa pia: mtoto wa maskini asiye na maktaba nyumbani alisimama sawa na mtoto wa tajiri mbele ya karatasi moja. Kwa upande mwingine, njia hii ilikuwa na gharama ambayo Richards hakuikadiria ipasavyo. Shairi liliondolewa mwenyewe, tukio lililolizaa, na watu lililosemwa kwao. Alifanya hivyo kwa makusudi, kama jaribio. Waliomfuata walilifanya jaribio kuwa kaida.

Mwanafunzi wake William Empson alikuwa na umri wa miaka 24 alipochapisha, mwaka 1930, kitabu kinachopanga aina saba za utata wa maana katika ushairi. Kabla yake utata ulihesabiwa kuwa kasoro. Empson aliufanya kuwa utajiri, akaonyesha jinsi neno moja linavyoweza kubeba maana mbili zinazopingana na shairi likasimama juu ya mvutano huo. Mwaka 1933 L. C. Knights aliigeukia tamthilia. Shabaha yake ilikuwa A. C. Bradley, ambaye kitabu chake cha mwaka 1904 kuhusu tanzia za Shakespeare kiliwajadili wahusika kana kwamba walikuwa na maisha nje ya jukwaa, hata akauliza Hamlet alikuwa wapi baba yake alipofariki. Knights alikipa kijitabu chake jina la dhihaka, akiuliza Lady Macbeth alikuwa na watoto wangapi. Kwake yeye tamthilia ni shairi refu, na mhusika ni mkusanyiko wa maneno. Hoja hiyo ilishinda katika vyuo vikuu, ila haikushinda katika shule. Swali la sifa za mhusika, linaloulizwa kila mwaka katika mitihani yetu, ni la Bradley moja kwa moja, nalo hukaa katika karatasi ile ile na swali la taswira ambalo ni la mahasimu wake. Mwalimu anayafundisha yote mawili bila kujua kwamba yalipata kugombana.

Riwaya ilichelewa kupata mbinu zake. Percy Lubbock alishughulikia mtazamo wa msimulizi mwaka 1921, na mwaka 1927 mwandishi E. M. Forster, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge, aligawa wahusika katika makundi mawili ambayo msomi wa Kiswahili anayafahamu kwa majina ya wahusika bapa na wahusika duara. Forster mwenyewe alikuwa akizungumza kwa utani wa mtunzi anayefichua kunga za kazi yake. Istilahi hizo zimefika kwetu zikiwa sheria.

F. R. Leavis na mkewe Q. D. Leavis ndio walioigeuza mbinu hii kuwa harakati. Jarida la Scrutiny, lililotoka kuanzia mwaka 1932 hadi mwaka 1953, liliunda kizazi cha walimu walioamini kwamba kusoma kwa makini ni kinga ya jamii dhidi ya magazeti ya udaku, matangazo ya biashara na lugha iliyochakaa. Mwaka 1948 Leavis alichapisha kitabu kilichoteua mapokeo makuu ya riwaya ya Kiingereza: Jane Austen, George Eliot, Henry James na Joseph Conrad. Kitabu hicho kilitaja wachache na kuwafungia nje wengi, na watahini wakakipokea kwa furaha kwa sababu orodha fupi ni rahisi kutahini. Huko Marekani, Cleanth Brooks na Robert Penn Warren walikuwa wamekwisha kutoa, mwaka 1938, kitabu cha kufundishia ushairi chenye mwelekeo unaokaribiana na huo, na Uhakiki Mpya ukatawala vyuo vya nchi hiyo kwa muda mrefu. Na huko huko, mwaka 1958, katika jimbo la Nebraska, Clifton Hillegass alianza kuuza miongozo yake ya Shakespeare, vijitabu 16 kwa mkupuo wa kwanza. Pacha alikuwa amezaliwa tena.

Mtihani wa juu wa shule nchini Uingereza, ambao kuanzia mwaka 1951 ulichukua sura ya ngazi ya juu ya cheti kikuu cha elimu, ulikusanya yote haya pamoja: vitabu teule, swali la dondoo, insha juu ya mhusika au dhamira, na shairi lisilojulikana. Kwa sura hiyo ndivyo ulivyosafiri.

Makerere, Nairobi na waraka wa 1968

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na shahada zake zikawa za London. Idara ya Kiingereza ilifundisha kuanzia Chaucer na Shakespeare hadi T. S. Eliot, na fikra za Leavis zilikuwa na nguvu miongoni mwa wahadhiri wake. Si haki kuibeza idara hiyo. Jarida la wanafunzi Penpoint, lililoanza mwaka 1958, lilitoka humo, na mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza ulifanyika Makerere mwezi Juni 1962. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa amezizoea tamthilia za Shakespeare zilizoigizwa kila mwaka katika shule ya Alliance, alihitimu hapo mwaka 1963 baada ya kumsoma Conrad kwa kina. Na athari ya Conrad katika riwaya yake ya mwaka 1967, A Grain of Wheat, imekwisha kujadiliwa na wahakiki wengi. Usomaji wa makini ulimfaa mtunzi. Kilichomkera ni mambo mengine.

Mwezi Septemba 1968, mkuu wa muda wa idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi aliwasilisha mapendekezo kuhusu maendeleo ya idara hiyo. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walijibu kwa waraka wao wakitaka idara hiyo ivunjwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuipokea: kwa nini fasihi ya nchi moja ndogo ya Ulaya iwe kitovu, na Afrika iwe nyongeza? Walitaka Afrika iwekwe katikati, na fasihi nyingine zitazamwe kwa uhusiano wake nayo. Walitaka fasihi simulizi ipewe nafasi kubwa. Walikitaja Kiswahili waziwazi, wakitaka fasihi yake ifundishwe katika nyumba hiyo mpya.

Ushindi wao ulikuwa mkubwa, ingawa haukukamilika. Idara ya Fasihi ilizaliwa, na mwaka 1973 Ngũgĩ akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Mwezi Septemba 1974 walimu na wahadhiri walikutana katika shule ya Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Hata hivyo, fasihi ya Kiswahili haikuingia katika nyumba ile. Kwa miaka mingi ilifundishwa katika Idara ya Isimu na Lugha za Kiafrika, huku Idara ya Fasihi ikiendelea kufanya kazi zake kwa Kiingereza. Waraka ulidai nyumba moja, zikajengwa mbili. Na wanafunzi waliosoma Shaaban Robert katika nyumba ya pili hawakuwa na sababu ya kukutana na waliosoma Achebe katika nyumba ya kwanza. Hasara ya mgawanyiko huo ni kubwa kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida.

Fasihi simulizi nayo ilipata hatima ya ajabu. Wanafunzi walitumwa vijijini wakakusanya ngano na nyimbo, jambo lililostahili sifa. Lakini ngano ilipofika darasani ilikuwa imekwisha kuwa karatasi: fanani hayupo, hadhira haipo, sauti haipo. Ikaulizwa maswali yale yale ya wahusika, ploti na dhamira. Waliokuwa wamemfukuza Richards mlangoni walimkuta amekaa sebuleni.

Tanzania ilifuata njia tofauti kidogo. Arnold Kettle, mhakiki wa Kimarx aliyefundisha Leeds wakati Ngũgĩ alipokuwa akisoma huko, alikuwa profesa wa fasihi mjini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1967 hadi mwaka 1970, na uhakiki wa kitabaka ukapata mizizi. Tafsiri nazo zilifanya kazi ambayo haikufanyika Nairobi. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, S. S. Mushi akatafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Jina la Mabepari wa Venisi lastahili kutazamwa. Kwa Kiingereza jina ni la umoja, na mfanyabiashara anayetajwa ni Antonio, mtu mwema. Nyerere alilitia katika wingi, na kwa hatua hiyo moja Antonio na Shylock wakasimama katika safu moja. Isitoshe, neno bepari lina asili ya Kihindi na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara tu. Kwa hiyo tafsiri ni sahihi. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hakuna msomaji ambaye angelisikia neno hilo bila kumwona mnyonyaji. Maana zote mbili zimo, hakuna inayoifuta mwenzake. Empson angelifurahia neno hilo, na mwanafunzi anayesoma matini zote mbili kwa pamoja hujifunza juu ya tamthilia ya Shakespeare jambo ambalo mwenye Kiingereza pekee hawezi kuliona.

Kisu na mshikaji

Je, usomaji wa makini ni mali ya mkoloni? Kisa cha Conrad kinatoa jibu lenye manufaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1948 Leavis, pamoja na kumsifu Conrad, alilalamika kwamba katika Heart of Darkness mtunzi huyo hurundika vivumishi vya siri na kutoelezeka hadi athari yake ikapungua. Kwa Leavis hilo lilikuwa kosa la mtindo. Mwaka 1975 Chinua Achebe alitoa mhadhara katika chuo kikuu cha Massachusetts, Amherst, akaichukua hoja hiyo hiyo, akamtaja Leavis kwa jina, na akaisukuma mahali ambapo Leavis hakuthubutu kufika. Vivumishi vile, alisema, si ajali ya mtindo. Mwandishi anayemtia msomaji usingizi kwa ukungu wa maneno anamzuia asiulize kwa nini Waafrika katika kitabu hicho hawapewi lugha. Ni kisu kile kile, mikononi mwa mtu mwingine. Achebe hakuacha kusoma kwa makini. Alisoma kwa makini zaidi, kwa kuwa alikumbuka jambo ambalo karatasi isiyo na jina humfanya mtu alisahau, yaani nani anasema na juu ya nani.

Pwani yetu ilikuwa na mapokeo yake ya uchambuzi kabla ya haya yote. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kuanzia mwishoni mwa karne ya kumi na nane hadi takriban mwaka 1840, yasingalitufikia kama si kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya kwa kushirikiana na Mwingereza W. E. Taylor na kuyatilia maelezo. W. Hichens aliyachapisha mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akayafanyia uchunguzi uliotoka mwaka 1979. Maelezo ya mapokeo hayo hayaanzi kwa taswira wala kwa mizani. Yanaanza kwa tukio: shairi hili lilisemwa wakati gani wa mvutano wa Mombasa na Sayyid Said, alijibiwa nani, fumbo lilimlenga nani. Mtu angeyatia mashairi ya Muyaka katika karatasi za Richards, bila jina wala tarehe, msomaji hodari kabisa angeweza kuzisifu istiari zake na asijue kwamba amesoma tangazo la vita. Kwa jadi hii muktadha ni sehemu ya maana yenyewe. Haukuletwa kama pambo la pembeni.

Hapa ndipo swali la dondoo linapoonekana kwa sura yake halisi. Kenya ilipoacha mtihani wa Cambridge na baadaye ule wa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na hatimaye kuunda baraza lake mwaka 1980, lile swali la nani, kwa nani, wapi na kwa nini lilibaki. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985. Mtihani wa kidato cha sita ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 1989, na mwaka huo huo ukafanywa kwa mara ya kwanza mtihani mpya wa kidato cha nne. Lugha ya Kiingereza na fasihi yake vikaunganishwa kuwa somo moja, na masomo ya juu ya fasihi shuleni, ambayo Tanzania na Uganda ziliendelea nayo katika kidato cha tano na cha sita, yakatoweka nchini Kenya. Katika karatasi ya fasihi ya Kiswahili mtahiniwa akaendelea kutakiwa kueleza muktadha wa dondoo kwa alama nne. Kwa maneno muktadha huo ungekuwa mlango wa kuingilia katika jadi ya Mwalimu Sikujua. Kwa vitendo ni ukurasa wa kitabu: msemaji, msemewa, mahali, sababu, alama moja moja. Jamii iliyokizaa kitabu haimo.

Na katika karatasi hiyo hiyo liko shairi ambalo mtahiniwa hakufundishwa, mara nyingi bila lolote kuhusu mtunzi wala wakati wake. Richards angelitambua mara moja. Ila yeye aliwapa wanafunzi wake wiki nzima, na alichotaka kujua ni mahali walipopotea na sababu ya kupotea kwao. Mtahiniwa wetu ana dakika chache. Anahesabu mizani, anataja bahari, anaonyesha mshororo ambamo mtunzi ametumia inkisari ama ameboronga sarufi ili apate vina, kisha anaandika dhamira kwa sentensi moja. Anaweza kupata alama zote bila kuulizwa hata mara moja kama shairi lile limemwambia jambo, au kama amelielewa kinyume.